Kupata vipimo sahihi kutoka kwenye vihisi vya analogi: mwongozo kwa wanaopima bahari, visima na matangi Unguja na Pemba

Tofauti ya nyuzi mbili za joto katika maji ya bahari si jambo dogo kwa mkulima wa mwani. Kilimo hiki kilianza kufanywa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wa muda mrefu wanajua kwamba kotonii, mwani wenye bei nzuri zaidi, hudhoofika na kukatikakatika maji ya pwani yanapopata moto, ilhali spinosamu huvumilia zaidi. Kwa hiyo mtu anayefunga kihisi cha joto kwenye kigingi cha shamba, Jambiani au Micheweni, hapati faida yoyote kutokana na kipimo kinachokosea kwa nyuzi mbili, hata kama kipimo hicho kinaonekana kwenye simu kikiwa na tarakimu mbili baada ya nukta.

Mwongozo huu umekusudiwa wanafunzi, mafundi na watafiti wa visiwani wanaotumia mikrokontrola (kompyuta ndogo za chipu moja) za bei nafuu kama Arduino Uno na ESP32 kupima joto, kina cha maji au asidi ya maji, na ambao namba zao zinarukaruka au haziafikiani na kipimajoto cha kawaida. Msimamo wangu ni kwamba kosa kubwa mara nyingi huwa limeshaingia kabla ishara haijafika kwenye kigeuzi kinachoibadilisha kuwa namba. Ndiyo maana nitaanza na umeme na nyaya, kisha programu, na kalibresheni, yaani kukilinganisha kihisi na kipimo kinachoaminika, nitaiweka baada ya hayo yote, kwa sababu kukalibreti mfumo ambao ardhi yake ya umeme (waya wa sifuri) inayumba ni kuliandika kosa la leo kana kwamba kesho litakuwa lile lile.

Usianze kwa kununua biti

Mtu akiona vipimo vyake si sahihi, shauri la kwanza analopewa ni kununua kigeuzi chenye biti nyingi zaidi. Kabla ya kutoa pesa, fanya hesabu. Kigeuzi kilichomo ndani ya Arduino Uno (toleo la R3) kina biti 10, maana yake ni kwamba hugawa nafasi iliyopo kati ya sifuri na volteji rejea, yaani volteji ambayo kigeuzi hulinganisha nayo ishara, katika hatua 1,024. Volteji rejea ikiwa volti 5, kila hatua ni takriban milivolti 4.9. Sasa chukua thamista, yaani rizista ambayo ukinzani wake hubadilika kwa joto, ya kawaida ya kiloomu 10, ile ambayo thamani yake ya beta (namba inayoeleza jinsi ukinzani unavyobadilika kwa joto) ni 3950, uiunganishe kwa mfuatano na rizista ya kiloomu 10 ili zigawane volteji. Maji yakiwa na nyuzi 30 za Selsiasi, ukinzani wa thamista hiyo huwa karibu omu 8,040, na kila joto linapobadilika kwa nyuzi moja namba inayosomwa hubadilika kwa karibu hatua 11. Kwa hiyo hatua moja ni chini ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi. Mkulima wa mwani anahitaji kujua nusu ya nyuzi. Biti 10 zinamtosha na zinabaki.

Hesabu hiyo hiyo ukiifanya kwa kihisi cha LM35, ambacho hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi moja, utaona kwamba kwa volteji rejea ya volti 5 unapata hatua mbili tu kwa kila nyuzi. Hapo kweli hatua ni pana mno. Lakini dawa yake si lazima iwe kigeuzi kipya: ukibadilisha volteji rejea kuwa ile ya ndani ya volti 1.1, hatua inakuwa takriban milivolti 1.07, unapata zaidi ya hatua tisa kwa kila nyuzi, na bado unaweza kupima mpaka karibu nyuzi 110. Mabadiliko hayo ni mstari mmoja wa programu.

Kigeuzi cha nje kama ADS1115, chenye biti 16, ni kifaa kizuri na nitakirudia huko mbele. Lakini kigeuzi cha biti 16 kinachopokea ishara yenye kosa la nyuzi mbili kitatoa kosa la nyuzi mbili kwa tarakimu nyingi zaidi, na hatari yake ni kwamba tarakimu hizo humfanya mtu aamini.

Volteji rejea

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji akae kwa muda, kwa sababu sehemu kubwa ya makosa ninayoyaona katika miradi ya skuli na vyuo yanatoka hapa.

Kigeuzi hakijui volti. Kinajua uwiano tu: ishara iliyoingia ni sehemu gani ya volteji rejea. Programu ndiyo inayogeuza uwiano huo kuwa volti, kwa kuuzidisha na namba ambayo mwandishi wa programu ameiandika, na mara nyingi ameandika 5.0 kwa sababu ndivyo bodi inavyotangazwa. Ukweli wa uwandani ni mwingine. Bodi inayolishwa kupitia USB kutoka kwenye chaja ya simu, tena kwa kebo ndefu na nyembamba, inaweza kuwa na volti 4.7. Chukua LM35 iliyo katika maji ya nyuzi 30: inatoa milivolti 300, bila kosa lolote. Kigeuzi kinasema ishara ni 300 kati ya 4,700. Programu inazidisha kwa 5.0, inapata milivolti 319, na skrini inaandika nyuzi 31.9. Kihisi hakina kosa, kigeuzi hakina kosa, na bado kipimo kimepotoka kwa karibu nyuzi mbili. Ubaya zaidi ni kwamba upotofu huo unafuata umeme: mchana paneli ya sola inapochaji betri unapata kipimo kimoja, usiku betri inaposhuka unapata kingine, na mchoro wa siku nzima unaonyesha mabadiliko ya joto ambayo bahari haikuyapata.

Kwa hiyo hatua ya kwanza kabisa ni kujua kihisi chako ni cha aina gani. Kuna vihisi ambavyo ishara yake hufuata volteji inayovilisha; thamista iliyounganishwa na rizista ni mfano, potenshiometa ni mfano mwingine. Kwa vihisi hivi, chukua volteji ile ile inayolisha kihisi uitumie kama volteji rejea ya kigeuzi. Umeme ukishuka, ishara na rejea hushuka pamoja, uwiano unabaki pale pale, na huhitaji hata kujua volti ni ngapi: ukinzani wa thamista hupatikana moja kwa moja kutokana na uwiano na rizista uliyoweka. Rizista hiyo ndiyo inayobeba usahihi wote, basi nunua yenye uvumilivu (kiasi inachoweza kukosea) wa asilimia 0.1, au angalau ipime kwa multimita nzuri na uandike thamani yake halisi katika programu.

Aina ya pili ni vihisi vinavyotoa volteji ya kudumu bila kujali umeme unaovilisha, kama LM35, au kihisi kinachotoa mkondo wa miliampea 4 hadi 20 unaopitishwa kwenye rizista ili uwe volteji. Hivi vinahitaji volteji rejea ambayo nayo haiyumbi. Rejea ya ndani ya chipu ya Arduino Uno inaitwa ya volti 1.1, lakini kati ya chipu na chipu inaweza kuwa popote kuanzia volti 1.0 hadi 1.2. Usikate tamaa kwa sababu hiyo, maana chipu moja ikishakuwa na thamani yake hubaki karibu na hapo. Chagua rejea ya ndani katika programu, soma mara moja kwenye pini yoyote ya analogi ili iwake, kisha weka multimita kati ya pini ya AREF (pini ya volteji rejea) na ardhi. Namba utakayoiona ndiyo uiandike katika programu ya bodi hiyo, na uibandike kwenye bodi yenyewe kwa kipande cha karatasi ili siku bodi ikibadilishwa mtu ajue kwamba namba nayo hubadilika.

Anayetaka zaidi ya hapo atumie chipu ya rejea kama LM4040 ya volti 4.096. Uzuri wa thamani hii ni kwamba ukiigawa kwa 1,024 unapata milivolti 4 kamili kwa kila hatua. Iunganishe na volti 5 kupitia rizista ya omu 470, weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya AREF na ardhi, na uhakikishe kwamba programu inachagua rejea ya nje kabla ya usomaji wa kwanza wa analogi. Ukisoma kabla ya kuchagua, rejea ya ndani na ya nje zinakutana kwenye pini moja na chipu inaweza kuharibika. Kama umeme wako hushuka karibu na volti 4.2, chagua LM4040 ya volti 2.5.

Ardhi na nyaya

Ardhi ya sakiti si sifuri kila mahali. Waya wa shaba wenye unene wa milimita nusu za mraba una ukinzani wa karibu omu 0.034 kwa kila mita, kwa hiyo mita kumi zake zina omu 0.34. Sasa fikiria tangi la maji ambalo kihisi cha LM35 na rilei pamoja na modemu vimewekwa upande mmoja, na bodi pamoja na betri zipo upande wa pili, na vyote vinarudisha mkondo kwa waya mmoja wa ardhi. Modemu inapotuma ujumbe ikavuta ampea 0.3, waya huo unapata tofauti ya volti 0.1 kati ya ncha zake. Volti 0.1 kwa LM35 ni nyuzi kumi. Hapo ndipo mtu anapoona joto linaruka kwa ghafla kila baada ya dakika kadhaa, akalaumu kihisi, akakibadilisha, na joto likaendelea kuruka.

Dawa ni kukipa kihisi waya wake mwenyewe wa ardhi, usiopitisha mkondo wa kitu kingine chochote, na kuzikutanisha ardhi zote katika nukta moja tu karibu na bodi. Modemu, pampu na rilei zipate nyaya zao nene zinazokwenda moja kwa moja kwenye betri. Juu ya hayo, panga programu isome kihisi wakati modemu na rilei zimenyamaza. Kusubiri sekunde moja hakugharimu kitu katika kazi ya kupima bahari.

Kebo ya kihisi iwe ya nyaya zilizosokotana mbili mbili. Kebo ya mtandao wa kompyuta inafaa sana kwa kazi hii na inapatikana madukani Darajani na Chake Chake bila shida. Ishara na ardhi yake viwe katika jozi moja, si ishara katika jozi hii na ardhi katika jozi ile. Kama kebo ina ganda la chuma la kuzuia kelele, ganda hilo liunganishwe na ardhi upande wa bodi tu, upande wa kihisi liachwe wazi. Kebo isilazwe sambamba na waya wa umeme wa volti 230. Zikilazimika kukutana, zipishane kwa pembe mraba.

Kwetu visiwani kuna adui wa ziada, naye ni chumvi. Upepo wa kusi unapovuma huleta mvuke wa bahari ambao hukaa juu ya kila kitu, na ukiifungua sanduku iliyokaa miezi kadhaa ufukweni utaona skrubu za viunganishi zimeota ukoga wa kijani. Kiunganishi cha namna hiyo hakikatiki moja kwa moja; kinaongeza omu chache leo, nyingi kesho, na kipimo kinahama polepole kiasi kwamba mtu anadhani bahari ndiyo inayobadilika. Maji ya bahari pia hupanda ndani ya ganda la kebo kupitia katikati ya nyuzi za shaba, kama utambi unavyovuta mafuta, yakatokea upande wa bodi mita kadhaa kutoka pale yalipoingia. Ukimenya kebo na ukakuta shaba imekuwa nyeusi hata mbali na ncha, ikate yote, usijaribu kuisugua.

Kwa hiyo upande wa baharini usitumie viunganishi vya skrubu kabisa. Lehemu, funika kwa mpira unaosinyaa kwa moto, ule wenye gundi ndani, kisha weka silikoni au resini. Upande wa bodi, baada ya kulehemu safisha kwa brashi na spiriti ya isopropili mpaka mabaki ya dawa ya kulehemu yaishe, acha ikauke, kisha paka vanishi ya kukinga sakiti, ukiacha viunganishi tu. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wanaotumia elektrodi za pH. Elektrodi hizo hutoa takriban milivolti 59 kwa kila kizio kimoja cha pH maji yakiwa na nyuzi 25, lakini ukinzani wake wa ndani ni wa mamilioni mengi ya omu, kiasi kwamba utando mwembamba wa chumvi kati ya pini mbili hupitisha mkondo wa kutosha kuipoteza ishara yote. Elektrodi ya pH haiunganishwi kamwe moja kwa moja na kigeuzi. Lazima ipitie kikuza ishara chenye mlango usiovuta mkondo, na kikuza ishara hicho kikae karibu na elektrodi.

Mlango wa kigeuzi

Ndani ya kigeuzi cha Arduino Uno kuna kapasita ndogo sana, ya pikofaradi 14, ambayo lazima ijae mpaka kufikia volteji ya ishara katika muda mfupi mno kila inaposoma. Watengenezaji wake wanashauri ukinzani wa chanzo cha ishara usizidi kiloomu 10. Thamista yetu ya kiloomu 10 na rizista ya kiloomu 10 kwa pamoja huonekana kama kiloomu 5, kwa hiyo ipo salama. Asiye salama ni yule aliyetumia rizista za megaomu moja kupima volteji ya betri ili asipoteze mkondo. Kapasita ya kigeuzi haijai, na namba inayosomwa inachanganyika na ya pini iliyosomwa kabla yake. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini ya ishara na ardhi, karibu kabisa na chipu, nayo itakuwa akiba ya kuijaza ile ndogo papo hapo. Na popote unaposoma pini zaidi ya moja, tupa usomaji wa kwanza baada ya kuhama pini.

Kisha kuna kelele inayobadilika kwa kasi, ambayo kigeuzi kinachosoma mara moja kwa sekunde hakiwezi kuitambua. Umeme wa nyumbani kwetu hubadilika mara 50 kwa sekunde. Ukisoma ishara yenye mchanganyiko wa umeme huo kwa vipindi sawa vya sekunde moja, unaweza kuangukia kila mara mahali pale pale pa wimbi, na ukapata kosa lisilorukaruka hata kidogo, lililotulia, linalofanana kabisa na kipimo cha kweli. Ukiwa na usomaji huo mmoja kwa sekunde, programu haiwezi kuliondoa kosa hilo baada ya kuingia. Linazuiwa kabla ya kigeuzi, kwa rizista na kapasita. Rizista ya kiloomu 1 ikifuatiwa na kapasita ya mikrofaradi 10 kwenda ardhini hupunguza kila kinachobadilika zaidi ya mara 16 kwa sekunde, na joto la bahari halijawahi kubadilika kwa kasi hiyo.

Programu

Baada ya umeme kutengemaa, programu inaweza kusaidia sana, kwa sharti kwamba tunajua inachoweza na isichoweza. Wastani hupunguza kelele zinazopanda na kushuka bila mpangilio: ukichukua sampuli 16 kelele hupungua mara nne, ukichukua 100 hupungua mara kumi. Wastani haugusi kosa linaloegemea upande mmoja. Volteji rejea ikiwa na kosa la asilimia sita, wastani wa sampuli milioni utakuwa na kosa la asilimia sita.

Chagua muda wa kukusanya sampuli kwa makusudi. Wimbi moja la umeme wa nyumbani huchukua milisekunde 20, na ukikusanya sampuli katika milisekunde 20 kamili, nusu ya juu na nusu ya chini ya wimbi hufutana. Arduino Uno husoma mara moja kwa takriban mikrosekunde 110, kwa hiyo kuchukua sampuli 40, moja kila baada ya nusu milisekunde, ni kazi nyepesi kwake. Mtu anayechukua sampuli kumi haraka haraka ndani ya milisekunde moja na kuziita wastani amepima mara kumi mahali pamoja pa wimbi.

Kama kuna miruko ya ghafla, kwa mfano pampu inapowaka, panga makundi matano ya namna hiyo kwa ukubwa na uchukue la katikati, ukiacha mengine. Namba moja iliyopotoka sana huharibu wastani, lakini haiwezi kuifikia namba ya katikati.

Inawezekana pia kupata biti za ziada bila kununua chochote. Kwa kila biti moja ya ziada unahitaji sampuli mara nne: sampuli 16 zikijumlishwa na jumla ikagawanywa kwa nne hutoa namba ya biti 12 kutoka kwenye kigeuzi cha biti 10. Njia hii inafanya kazi iwapo tu ishara ina kelele kidogo, angalau ya hatua moja hivi, kwa sababu ishara iliyotulia kabisa ndani ya hatua moja hutoa namba ile ile mara zote 16 na hakuna kilichoongezeka. Ndiyo maana mtu asikazane kuua kila kelele mpaka ya mwisho.

Kwa wanaotumia ESP32: kigeuzi chake kina biti 12, lakini hakifuati mstari ulionyooka, hasa karibu na mwanzo na mwisho wa upeo wake, na volteji rejea yake hutofautiana kati ya chipu na chipu kuanzia milivolti 1,000 hadi 1,200. Tumia amri ya analogReadMilliVolts, ambayo huzingatia marekebisho yaliyowekwa kiwandani, panga ishara yako ibaki katikati ya upeo, na usitumie pini za kigeuzi chake cha pili (ADC2) wakati Wi-Fi inafanya kazi, kwa sababu hazitasomeka. Pale ambapo usahihi ni lazima, ESP32 iachiwe kazi ya kutuma data, na kupima kufanywe na ADS1115. Kigeuzi hicho kina rejea yake ya ndani, kinaweza kupima tofauti kati ya nyaya mbili badala ya kati ya waya na ardhi, na kikiwekwa kwenye upeo wa volti 4.096 hatua yake moja ni mikrovolti 125. Kumbuka kwamba upeo huo ni wa hesabu tu. Ishara yenyewe isizidi volteji inayoilisha chipu.

Kalibresheni

Kwa kihisi cha joto tunahitaji angalau nukta mbili tunazoziamini, na ya tatu ya kuhakikishia. Barafu iliyopondwa ikichanganywa na maji kidogo ndani ya thamosi, ikakorogwa na kuachwa dakika chache, huwa nyuzi sifuri. Barafu hiyo iwe ya maji baridi safi. Ile iliyokwisha kukaa kwenye masanduku ya samaki sokoni ina chumvi, na chumvi hushusha joto chini ya sifuri. Maji yanayochemka nayo ni nukta nzuri kwetu, kwa sababu tunaishi karibu na usawa wa bahari ambako maji huchemka kwa takriban nyuzi 100, jambo ambalo mtu wa Arusha, kwa urefu wa mita 1,400 hivi, halipati. Kwake yanachemka karibu na nyuzi 95.

Hata hivyo, kwa kazi ya baharini napendelea nukta zilizo karibu na eneo la matumizi. Jaza thamosi maji ya nyuzi kama 24, weka kihisi na kipimajoto unachokiamini vikiwa vimefungwa pamoja, koroga, subiri namba zitulie, andika zote mbili. Rudia kwa nyuzi 36 hivi. Tuseme kipimajoto kilisema 24.0 na kihisi 24.9, kisha 36.0 na kihisi 37.3. Kipimajoto kimepanda kwa 12.0, kihisi kwa 12.4, gawanya 12.0 kwa 12.4 upate 0.968. Zidisha 24.9 kwa 0.968 upate 24.1, na ili kufika 24.0 lazima utoe 0.1. Basi programu izidishe kila kipimo kwa 0.968 kisha itoe 0.1. Sasa tengeneza maji ya nyuzi 30 na uangalie: kama jibu linatofautiana na kipimajoto kwa zaidi ya nyuzi 0.2, kuna tatizo la umeme ambalo bado halijatatuliwa, na kuongeza nukta za kalibresheni ni kulificha tu.

Thamista pia hujipasha moto yenyewe kwa mkondo unaopita ndani yake. Kwa volti 5 na rizista ya kiloomu 10, hupata takriban miliwati 0.6, na katika hewa tulivu kiasi hicho kinaweza kuongeza sehemu kubwa ya nusu nyuzi, ingawa ndani ya maji athari yake ni ndogo zaidi. Ilishe kwa pini ya kidijitali inayowaka muda mfupi kabla ya kusoma na kuzimika baada yake. Betri nayo itafaidika.

Kwa kina cha maji, iwe tangi la kijiji au bahari, kihisi cha mgandamizo chenye mkondo wa miliampea 4 hadi 20 ndicho kinachofaa kwa kebo ndefu, kwa sababu mkondo haupungui kwa urefu wa waya. Rizista ya omu 150 huugeuza kuwa volti 0.6 hadi 3.0, na ukisoma chini kabisa ya 0.6 unajua waya umekatika badala ya kudhani tangi ni tupu. Kwa kihisi cha upeo wa mita 5, rizista yenye kosa la asilimia moja huleta kosa la zaidi ya sentimita 6 tangi likiwa limejaa. Hapa tena, asilimia 0.1. Kihisi kilichokalibretiwa kwa maji ya kisima kikapelekwa baharini kitazidisha kina kwa asilimia 2.5 hivi, kwa kuwa maji ya bahari ni mazito zaidi, na wakati wa bamvu, maji yanapopanda na kushuka kwa karibu mita 4, hiyo ni sentimita 10. Hakikisha pia kebo ya kihisi ina mrija mwembamba wa hewa na kwamba ncha yake ya juu ipo wazi, ndani ya sanduku kavu lenye silika jeli. Mrija ukiziba, kila hektopaskali moja ya mabadiliko ya mgandamizo wa hewa huhesabiwa kama sentimita moja ya maji.

Mwisho, hifadhi namba ghafi ya kigeuzi pamoja na volteji ya umeme iliyokuwepo wakati wa kusoma, si nyuzi au mita peke yake. Kalibresheni inayorudiwa baada ya kusi kumalizika ikionyesha kwamba kihisi kimehama, utaweza kukokotoa upya miezi yote iliyopita kutoka kwenye namba ghafi. Aliyehifadhi jibu tu atalazimika kuanza kukusanya tena.